Umejiandikisha kuendesha baiskeli kilomita 100 za hisani na hujawahi kufika hata 20? Anzia hapa

Watu wengi wanaingia kwenye misafara ya baiskeli ya hisani kwa moyo tu. Mtu kaona tangazo, kaguswa na wale wanaochangiwa, kajaza fomu, kalipa kiingilio, afu usiku anakaa kitandani anajiuliza hivi kilomita mia moja mimi nitazifikaje wakati baiskeli mara ya mwisho nimepanda nikiwa shule ya msingi. Kama ni wewe nakwambia kabisa inawezekana, na wala huhitaji kuwa mwanamichezo. Unahitaji wiki 12 hivi, baiskeli inayoendana na mwili wako, na siku tatu kwa wiki ambazo utaziheshimu kama unavyoheshimu kazi.

Kitu kimoja nilichelewa kukijua mimi na nataka wewe ukijue mapema. Anayeanza haangushwi na miguu, miguu inazoea haraka sana kuliko unavyodhani. Wanaoshuka njiani wengi wanashushwa na makalio, viganja, shingo na tumbo. Safari yangu ya kwanza ndefu nilisimama kwenye kilomita ya 70 hivi, mapaja bado yako vizuri, ila nilikuwa sijala chochote tangu tumeanza, nikaanza kutetemeka na kichwa kikawa chepesi mpaka nikakaa pembeni ya barabara. Mwendeshaji mmoja, mtu mzima kunizidi, akasimama akanipa ndizi mbili na maji, akakaa na mimi mpaka rangi ikarudi usoni. Sijamsahau. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanahusu kukaa, kula na kwenda taratibu, na hayo ndo watu wanayaruka.

Kabla ya yote, kama una presha, kisukari, tatizo la moyo, au umekaa miaka bila mazoezi yoyote, muone daktari kwanza umwambie umbali kabisa unaotaka kwenda. Na mazoezini ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, shuka hapo hapo, usijikaze.

Baiskeli na kiti chake

Huhitaji baiskeli ya gharama. Ya barabarani yenye matairi membamba inateleza vizuri kwenye lami, ila hata ya milimani inafika, cha muhimu uitoe yale matairi yenye meno makubwa uweke laini, maana yale meno yanakula nguvu zako kila mzunguko wa gurudumu, na kwa masaa matano sita hiyo nguvu ni nyingi mno. Fremu iwe saizi yako. Ukipewa ya kuazima ambayo ni kubwa kwako, hapo hakuna marekebisho yatakayokuokoa, tafuta nyingine.

Urefu wa kiti ndo kitu cha kwanza kurekebisha na kinachukua dakika tano. Egemea ukuta, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli, zungusha mpaka pedeli ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mguu kwenye nafasi yake ya kawaida, yaani sehemu pana ya unyayo ndo iko kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndo penyewe. Watu wanaoanza karibu wote wanaweka kiti chini sana kwa sababu wanataka kukanyaga ardhi wakiwa wamekaa. Ukisimama unatakiwa ushuke kwenye kiti, mguu mmoja chini, basi. Magoti yatakwambia yenyewe: yakiuma mbele mara nyingi kiti kiko chini, yakiuma kwa nyuma mara nyingi kiko juu. Rekebisha milimita chache tu kwa wakati na weka alama ya utepe ili ujue ulikotoka.

Sasa makalio. Wiki mbili za kwanza yatauma na hilo ni la kawaida, mifupa ya kukalia inazoea. Lakini ganzi siyo kawaida, ukipata ganzi sehemu za siri ujue kiti hakikufai au kimeinamia vibaya, weka kiwe sawa na ardhi, ikibidi badilisha. Na usikimbilie kiti kinene chenye sponji laini, najua kinavutia ukikibonyeza kwa kidole, ila ukikaa masaa unazama ndani na sponji inakubana pale pasipotakiwa kubanwa. Kinachotakiwa ni kiti chenye upana unaolingana na mifupa yako. Nunua bukta ya baiskeli yenye pedi, na hii naomba unisikilize, ndani yake haivaliwi chupi. Mshono wa chupi ndo unachubua. Bukta ifuliwe kila ikivaliwa, hakuna kurudia, kwa sababu jasho na bakteria ndo chanzo cha vipele na majipu. Safari ikiwa ndefu paka mafuta ya kuzuia msuguano. Afu jizoeshe kila baada ya dakika 10 au 15 kunyanyuka kwenye pedeli sekunde chache damu ipite.

Mikono nayo hivyo hivyo. Viwiko vikunjwe kidogo, kifundo cha mkono kinyooke, na ubadilishe mahali unaposhika usukani mara kwa mara. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake vikianza kufa ganzi ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja unakandamizwa, glovu zenye pedi zinasaidia, ila mara nyingi dawa ni kuacha kulalia usukani.

Ratiba yenyewe

Siku tatu. Mbili katikati ya wiki, fupi, dakika 45 mpaka saa moja. Ya tatu ni ile ndefu na hiyo ndo mama wa ratiba yote, ukibanwa na maisha ruka nyingine ila hiyo usiiruke.

Safari ndefu za kila wiki zinaweza kwenda hivi: wiki ya kwanza kilomita 20, ya pili 25, ya tatu 30, ya nne unashuka mpaka 20 upumzike. Ya tano 35, ya sita 45, ya saba 55, ya nane unarudi 35. Ya tisa 65, ya kumi 75, ya kumi na moja 40, afu wiki ya kumi na mbili ndo siku yenyewe. Umeona hakuna 100 humo ndani. Ukifika 70 au 75 ukiwa na hali nzuri, 100 unaiweza, siku yenyewe kuna watu, kuna vituo vya kupumzika, na mwili unakuwa umepumzishwa. Zile wiki za kushuka wengi wanaziona kama uvivu wanazifuta, usifute, mwili unajijenga ukiwa umepumzika, ukiunyima hiyo nafasi unaingia wiki ya tisa ukiwa umechoka na goti linalia.

Kama msafara wenu ni wa siku mbili au zaidi badilisha kidogo: kuanzia wiki ya saba hivi, siku moja nenda ndefu na kesho yake panda tena hata kama ni masaa mawili. Kukalia kiti ukiwa bado una maumivu ya jana ni somo lake peke yake.

Mwendo wa safari ndefu ni ule unaoweza kuongea. Yaani ukiwa na mtu pembeni uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, na kama uko peke yako jisemeshe, hakuna atakayekucheka. Ukishindwa kumaliza sentensi umeenda kasi, punguza. Najua inaonekana kama unadanganya mazoezi lakini hapa ndo mambo yanafanyika: ukienda polepole muda mrefu moyo unazoea kusukuma damu nyingi kila pigo, mishipa midogo ya damu inaongezeka kwenye misuli, na mwili unajifunza kuchoma mafuta zaidi ili ile sukari iliyohifadhiwa isiishe mapema. Anayeanza anakosea kwa kuendesha kila siku kwa kasi ya kati, haendi taratibu vya kutosha kujenga stamina wala haendi kwa nguvu vya kutosha kupata spidi, anachoka tu.

Nguvu weka kwenye siku moja ya zile fupi. Pasha mwili dakika 10 au 15, afu endesha kwa nguvu dakika nne, kiasi kwamba unaweza kusema maneno mawili matatu tu, pumzika dakika tatu ukizungusha taratibu, rudia mara nne. Kama kuna mlima karibu tumia mlima. Siku nyingine fupi iwe laini kabisa.

Jifunze gia mapema. Watu wanakanyaga gia nzito wakidhani ndo nguvu, kumbe wanayatesa magoti. Lenga kuzungusha pedeli mara 80 mpaka 90 kwa dakika, namna ya kuhesabu ni kuangalia goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, likipanda mara 20 mpaka 22 uko sawa. Mwanzoni utajikuta kwenye 60 na kitu, itapanda taratibu. Mlima ukiuona mbele, shusha gia kabla hujaanza kupanda, ukisubiri mpaka umekwama katikati cheni inagoma au inaruka. Na kushuka baiskeli ukaisukuma mlimani hakuna ubaya wowote, kilomita inahesabika ile ile.

Kula na kunywa

Hapa ndo nilipoangukia mimi kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwili unahifadhi sukari kwenye misuli na ini, na ukiendesha kwa juhudi ya wastani hiyo akiba inaweza kukupeleka saa moja na nusu mpaka masaa mawili hivi. Ikiisha huombi samahani, unazimika. Sasa kilomita 100 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni masaa matano ya kuendesha, ongeza na vituo unakaribia sita, kwa hiyo lazima ule njiani, siyo hiari.

Kiasi kinachofaa ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa tayari uko ndani. Mkate wenye jamu, tende, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, biskuti, vyote vinafaa, na jeli za michezo pia ila siyo lazima. Anza kula ndani ya dakika 30 au 40 za kwanza wakati hata huna njaa, na endelea kidogo kidogo kila nusu saa. Ukisubiri njaa umeshachelewa, tumbo linachukua muda kufikisha hicho chakula kwenye misuli. Mimi siku hizi naweka alamu kwenye simu inalia kila dakika 30, ikilia nakula, sijiulizi.

Maji, chupa moja ya nusu lita mpaka robo tatu lita kwa saa inawatosha wengi, joto likiwa kali inaongezeka, baridi inapungua, kiu yako iwe mwongozo. Kuna watu wanaogopa kuishiwa maji mpaka wanakunywa kupita kiasi, na hilo lina hatari yake, chumvi ya kwenye damu inashuka na mtu anaweza kuumwa vibaya kabisa. Ukitoka jasho sana weka kinywaji chenye chumvi au kula kitu cha chumvi.

Yote haya yajaribu kwenye safari ndefu za mazoezi. Tumbo linafundishika kama misuli. Siku ya msafara usile kitu ambacho hujawahi kula ukiwa juu ya baiskeli, hata kama unapewa bure na watu wanakisifia, na viatu vipya, bukta mpya, kiti kipya, vyote hivyo hapana.

Pancha

Fanya zoezi hili nyumbani mara tatu kabla hujaenda mbali. Kama ni gurudumu la nyuma weka kwanza cheni kwenye lile duara la meno lililo dogo kabisa la nyuma ndo ulitoe. Toa upepo wote, ingiza vijiti vya kutolea tairi, banjua upande mmoja, vuta tyubu. Afu, na hapa ndo wengi wanakosea, kabla hujaweka tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote utafute kilichotoboa, mwiba au kipande cha waya, maana kama bado kipo utapata pancha nyingine baada ya mita mia mbili. Tyubu mpya ipige upepo kidogo tu ipate umbo, iingize, rudisha tairi kwa mikono, zunguka lote uhakikishe tyubu haijabanwa kati ya tairi na rimu, ndo ujaze. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usizidishe. Beba tyubu mbili, viraka, vijiti, pampu na spana ndogo zile za kukunja. Na baada ya kila safari ndefu futa cheni kwa kitambaa, tia mafuta kidogo, futa yaliyozidi, cheni kavu au yenye mchanga inakuibia nguvu.

Kuendesha na wengine

Ukizoea peke yako, kundi linatisha mara ya kwanza, kwa hiyo kabla ya siku yenyewe tafuta watu hata watatu mwende pamoja mara mbili tatu. Ukikaa nyuma ya mwenzako anakukata upepo na unaokoa nguvu nyingi sana, kwenye tambarare unaisikia kabisa tofauti. Lakini gurudumu lako la mbele lisipande ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma, akihama kidogo mnagusana na wa nyuma ndo anaanguka. Usifunge breki ghafla, piga kelele ukipunguza, onyesha shimo kwa mkono, pasa sauti kwa walio nyuma. Macho yawe mbele mbali, siyo kwenye tairi la mwenzako.

Mteremko: tumia breki zote mbili. Ya mbele ndo inasimamisha zaidi kwa hiyo iminye kwa upole, sogeza makalio nyuma, punguza kasi kabla ya kona na siyo ndani ya kona, na pedeli ya upande unaolalia iwe juu isije ikagusa chini. Helmeti kila siku, hata ile ya dakika 45, na ikishapigwa kwenye ajali ibadilishe hata kama kwa macho iko nzima.

Michango usiiache mwishoni

Wiki za tisa na kumi unakuwa umechoka, hutakuwa na moyo wa kuomba mtu chochote. Anza wiki ya kwanza. Weka wewe wa kwanza, hata kidogo, afu fuata watu wa karibu kabisa mmoja mmoja kwa ujumbe wa jina lake, siyo tangazo la jumla la kurushwa kwenye magrupu. Wale wa kwanza ndo wanaoonyesha wengine kiasi cha kutoa. Mwambie mtu kiasi unachoomba na hela inafanya nini, watu wanapenda kujua. Kama taasisi ina ukurasa au akaunti yake ya kuchangia, hela iende huko moja kwa moja isipite mfukoni kwako, na sema wazi kwamba kiingilio, baiskeli na nauli unajilipia mwenyewe kama ndivyo ilivyo. Mimi naona hili ni la heshima kwa anayetoa. Kila safari ndefu tuma picha na umbali, leo 45, leo 55, mtu aliyekupuuza mwanzoni akiona umefika 65 anajua huyu kweli kaamua.

Wiki ya mwisho

Huwezi kuongeza nguvu tena wiki hii, unachoweza ni kujiharibu tu. Endesha mara mbili, fupi, laini, lala mapema. Baiskeli ipelekwe kwa fundi wiki moja kabla na siyo usiku wa kuamkia, ili kama kitu hakijakaza vizuri ukigundue kwenye mazoezi. Asubuhi kula masaa mawili matatu kabla, chakula unachokijua.

Mkianza watu watatoka kama wanafukuzwa. Waache. Kilomita 20 za kwanza zinatakiwa zikae kama rahisi kupita kiasi, na ukishafika 60 utaanza kuwapita wale wale, wasalimie tu. Kwenye vituo kaa dakika kumi, jaza chupa, kula, ondoka kabla mwili haujapoa. Kati ya 70 na 85 kuna kipande kigumu cha kichwa, karibu kila mtu anakipitia, hapo usihesabu kilomita zilizobaki, hesabu kituo kinachofuata na kula kitu hata kama hujisikii, mara nyingi baada ya robo saa dunia inabadilika.

Ukimaliza endelea kuzungusha taratibu dakika chache, kunywa, kula ndani ya saa moja. Afu kabla wiki haijaisha waandikie wote waliochanga, mmoja mmoja tena, kiasi kilichopatikana na picha yako ukiwa mwisho wa safari, na wale ambao walisema watatoa wakasahau watume nao ujumbe huo huo, wengi hutoa siku hiyo.